Nyuso za Kuazima

Picha ya kwanza niliyolipwa hapa kambini ilikuwa ya Rambo, na ilikuwa mbaya.

Mwenye banda la video alitaka kitu cha kutundika mlangoni ili hata asiyejua kusoma aelewe leo ndani kuna nini. Akanipa kiroba kitupu cha unga, kile cheupe cha salfeti. Tukafumua mshono kikawa kitambaa kimoja kikubwa, tukakigeuza ili maandishi ya mgao yaende nyuma. Akanipa na makopo mawili ya rangi iliyobaki kwenye kazi ya kupaka milango, moja la nyeusi, moja la nyekundu. Nikamchora Rambo wa rangi mbili: kitambaa kichwani, bunduki kifuani, misuli kama mihogo. Watoto wakajaa. Mmoja akainamisha kichwa upande, akasema, "Huyu si Rambo. Huyu mwalimu wetu wa darasa la nne." Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikamtazama upya. Kweli bwana, alikuwa mwalimu wa darasa la nne, ameshika bunduki.

Malipo yangu yalikuwa kuingia bure wiki nzima. Nilikuwa na miaka 16. Leo nimepita thelathini na bado nachora watu wa sinema na wa televisheni. Watu wananiuliza kwa nini. Wengine wanauliza kwa utani, wengine kwa hasira kidogo. Nimeamua kujibu hapa kwenye jarida letu, maana jibu ni refu, na nikiulizwa njiani huwa nimebeba dumu la maji.

Sisi tulifika Nyarugusu mwaka 1998. Kambi ilikuwa na miaka miwili tu. Ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu ya Kusini waliokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kigoma. Mimi nilikuwa na miaka 8. Tulivuka usiku, mama, dada yangu na mimi. Baba alibaki Baraka kufunga nyumba na cherehani yake, akasema atakuja na boti ya pili. Nitarudi kwa baba. Kwanza niwapeleke ndani ya banda.

Kuta za matofali ya udongo, paa la turubai, mabenchi ya miti iliyopigiliwa misumari. Mbele kuna TV ya kichogo, chini yake deki, nje jenereta linanguruma. Mafuta yakiisha, yanaisha palepale steringi alipofungwa kwenye nguzo, na banda zima linamzomea mwenye banda kana kwamba ni yeye aliyemfunga. Wazazi wetu kule Uvira na Fizi walimwita akta, na adui yake mkubwa walimwita shefu bandi. Sisi tuliokulia huku tukachukua neno la Watanzania, steringi, tukachukua na sheria yake: steringi hafi. Ukiona mtu amepigwa risasi dakika ya kumi, tulia, huyo siye.

Mtu mzima anaweza kuicheka sheria hiyo. Lakini sisi tulikuwa watoto tuliokwisha kujua kwamba mtu anaweza kuondoka dakika yoyote, hata yule uliyekuwa unamtegemea. Mle ndani, kwa kiingilio kidogo, kulikuwa na mtu mmoja tuliyehakikishiwa. Angepigwa, angedondoka mtoni, angeunguzwa, na mwisho angetoka anachechemea. Nilimpenda kwa ajili hiyo. Nadhani wengi wetu tulimpenda kwa ajili hiyo, si kwa bunduki.

Basi nikataka kumchora sawasawa. Nikaacha kutazama mapigano, nikawa natazama uso. Nilikaa benchi la mbele, na daftari la shule na biki, nikamwangalia Stallone anapokaa kimya. Nikagundua kosa langu. Mdomo wake umelala upande mmoja, na jicho la upande huohuo limelegea kidogo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba siku aliyozaliwa, koleo la kuzalishia liliumiza mshipa wa uso wake, ukabaki hivyo. Mimi nilikuwa nimemchora sawa pande zote mbili, kama sahani. Nilipoulaza mdomo, watoto wakapita mlangoni wakaita, "Rambo!" Hakuna aliyenisifu mimi. Walimwita yeye tu, na hiyo ndiyo sifa.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Uso hautambuliwi kwa kila kitu kilichomo. Unatambuliwa kwa vitu vitatu au vinne, na vilivyobaki ni vya watu wote. Jackie Chan ni pua na lile tabasamu la mtu aliyeumia anayeficha. Schwarzenegger kwenye Commando, ile ya 1985, ni taya na nafasi ndogo kati ya nyusi na jicho. Mr. Bean ni nyusi. Ukizikosa nyusi, unabaki na mzungu yeyote mwenye koti. Bruce Lee ana mashavu yaliyobonyea na shingo iliyokaza, na ukimvisha ile nguo ya njano yenye mstari mweusi ubavuni, hata bibi asiyewahi kuingia bandani anajua ni nani.

Na nikajifunza kitu kingine. Mtu mashuhuri ni mtihani ambao majibu yake yako mikononi mwa kila mtu. Huwezi kudanganya. Ukimchora mjomba wako, nani atajua? Lakini mchore Rambo vibaya uone. Watoto wa kanda nzima ni wasahihishaji, na hawana huruma. Kwa hiyo wanaosema nilipoteza ujana wangu kwa kuchora watu wa Marekani na Hong Kong, mimi nasema nilikuwa shule. Shule yenye walimu mia mbili, wengi wao wana kamasi puani.

Siku moja nikasoma habari za wachoraji wa Ghana. Miaka ya 1980 kule, watu walizunguka vijijini na televisheni, deki na jenereta, wakionyesha filamu. Kila filamu ilihitaji tangazo, na tangazo lilichorwa kwa mkono juu ya viroba vya unga vilivyoshonwa pamoja. Mara nyingi mchoraji hata filamu yenyewe alikuwa hajaiona. Leo viroba vile vinanunuliwa Ulaya na Marekani na kutundikwa kwenye kuta nzuri. Niliposoma nilicheka peke yangu. Nilidhani kiroba ni aibu yangu, kumbe ni ukoo.

Kadiri mkono ulivyokaa sawa, kazi zikaja. Vinyozi walitaka vichwa ukutani. Mama mmoja muuza maandazi alitaka Aki na Pawpaw, wale wafupi wawili wa Nigeria, wameshika andazi moja wanagombania. Wanawake wa mtaa wetu waliagiza Patience Ozokwor, yule mama mkwe mkali wa filamu za Nigeria, nimchore kwenye ubao mdogo. Sikuuliza wanampelekea nani. Baada ya filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, wasichana wakataka Lupita, na wakataka awe na kilemba kama alivyokuwa kwenye ile filamu, si na gauni la sherehe. "Mwache awe mama wa mtaani," waliniambia. "Mwenye gauni hatumjui."

Lakini picha iliyonisumbua ni ya Kanumba.

Steven Kanumba alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia Jumamosi, 7 Aprili 2012, siku moja kabla ya Pasaka. Alikuwa na miaka 28. Habari zilifika hapa asubuhi kwa redio na kwa simu, na watu hawakuamini. Huyu hakuwa wa Hollywood. Huyu alisema Kiswahili, alilia kwa Kiswahili, aligombana na mke kwa Kiswahili. Mama yangu, ambaye bandani hakuwahi kukanyaga, alikuwa amemwona kwa jirani mwenye sola, akimkaripia kwenye kioo kama mtoto wake: "We Kanumba, huyo mwanamke anakudanganya!" Tulikuwa tumefundishwa kwamba steringi hafi. Huyu akafa kwelikweli, na akazikwa Kinondoni, na umati wa watu ukamlilia.

Mwenye banda akanunua rangi mpya, mara ya kwanza tangu nimjue. Nilimchora Kanumba kwenye viroba viwili vilivyounganishwa, uso mtupu, hakuna jina, hakuna ua. Watu walikuja kumwangalia. Kuna waliosimama pale kama wanasimama msibani, mikono nyuma.

Mzee mmoja wa kijiji cha pili akaja, akaangalia muda mrefu, kisha akaniambia bila ukali, "Mwanangu, umefanya vizuri. Lakini huyu ana Dar es Salaam nzima ya kumlilia. Na picha zake zimejaa dunia. Sasa wetu? Wetu nani anawachora?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu, "Shikamoo mzee," ingawa nilikuwa nimeshamsalimia.

Swali lake lilifanana na jingine nililowahi kuulizwa, ila lilikuwa tofauti, na ningependa ndugu zetu wa mashirika wanisikilize hapa. Mwaka mmoja, tukijiandaa na tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tuliambiwa vijana walete michoro. Nikapeleka Bruce Lee wa nguo ya njano, kazi ya wiki nzima, kila kidole kimekaa mahali pake. Aliyekuwa akipokea, mtu mpole tu, akaitazama akasema ni nzuri sana, lakini mkimbizi yuko wapi humu ndani? Nilitaka kumwambia mkimbizi ndiye aliyeshika brashi. Sikusema. Nilirudi nyumbani nikachora mashua, watu wamejaa, mwezi juu ya ziwa, mama amebeba mtoto. Dakika ishirini. Mashua ikachukuliwa, nikapewa fulana.

Simlaumu. Alitaka watu wa nje waelewe tulikotoka. Lakini tofauti ni hii: yeye alitaka nichore jambo lililonipata. Mzee yule alitaka nichore watu. Jambo naweza kulichora kwa dakika ishirini kwa sababu mashua zote zinafanana. Watu hawafanani.

Na tatizo la watu wetu ni kwamba hawana picha. Nadhani mnalijua hili nyumba kwa nyumba. Mtu anakimbia na sufuria, na mtoto, na godoro akiweza. Albamu inabaki. Au inakuja halafu inaingia maji. Sisi tulikuwa na picha moja, ya harusi ya wazazi wangu, ndani ya Biblia ya mama. Maji ya ziwa yaliingia. Mama aliianika juani siku ya pili pale tulipofikia, ikakauka, na ilipokauka pande mbili za karatasi zilikuwa zimeshikana na Zaburi. Gauni linaonekana. Uso wa baba umebaki kwenye ukurasa.

Mwaka 2016 mama mmoja wa Kibembe alikuja kwangu asubuhi, bado nafagia.

"Ni weye unachoraka Kanumba?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Basi papa, unichorie mutoto wangu. Alimufanana."

"Una picha yake?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Kama ningekuwa na picha, ningekuya kwako?"

Nilitaka kukataa. Sikuwahi kumchora mtu nisiyemwona. Lakini akakaa kwenye jiwe pale nje, akaweka mkoba wake chini, ikawa dhahiri kwamba haondoki. Nikatoa picha ya Kanumba niliyokuwa nayo ya mfano, nikaitegemeza ukutani. "Haya mama. Alifanana naye wapi?"

Akatazama. "Macho. Macho tu. Pua hapana."

Pua ikoje? Akashindwa kusema. Jaribuni wenyewe, semeni pua ya mtu mnayempenda kwa maneno. Utasema kubwa, utasema ndogo, umemaliza. Nikaingia ndani nikatoa michoro yote niliyokuwa nayo, viroba, maboksi, makaratasi, nikaipanga chini na ukutani kama muuza mitumba. Akawa anapita mbele yao polepole, mikono nyuma. Akasimama kwa Pawpaw. "Hii pua." Akasogea. Akasimama kwa Mr. Bean, akacheka kwa mara ya kwanza. "Masikio ni ya huyu muzungu. Yalikuwa yanasimama hivi. Tulikuwa tunamuchekaka."

Siku tatu alikuja. Nilichora kwa penseli, nikafuta, nikachora. Alikuwa mkali kuliko watoto wa bandani. "Hapana, hapo umemuzeesha." "Mudomo ufunge. Alikuwa na jino moja limetoka, hakupendaka watu walione." Siku ya tatu nikaongeza kovu dogo juu ya nyusi, la mwiko wa moto, alilonieleza bila mimi kuuliza. Akafunika nusu ya chini ya karatasi kwa kiganja, akatazama macho na kovu peke yake. Akakaa hivyo. Kisha akasema, "Alikuwa anaangaliaka hivi kama amekasirika." Akakunja karatasi ndani ya kitenge, akaondoka. Kesho yake mtoto aliniletea bakuli la maharage yaliyopikwa na mafuta ya mawese.

Je, alikuwa yeye kweli? Siwezi kujua. Huo ni mtihani ambao msahihishaji wake ni mmoja tu duniani. Ila nilijua nisingeweza hata kuuanza kama nisingekuwa na nyuso za kuazima. Wale watu wa filamu, ambao mimi na yeye sote tunawajua, ndio walikuwa maneno yetu. Hatukuwa na maneno mengine.

Baadaye nilisoma jambo lililonipa moyo. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, na kuna filamu aliyoiacha katikati, ile ya nguo ya njano yenyewe, Game of Death. Waliimalizia bila yeye, ikatoka 1978. Walitumia watu wengine wanaofanana naye mgongoni, miwani mikubwa, vivuli, na kuna mahali mtu amekaa mbele ya kioo na uso wa Bruce Lee umebandikwa juu yake kama picha iliyokatwa. Ukiangalia vizuri unaiona. Watu wanaicheka filamu hiyo, na wana haki. Lakini mimi nilipoiona tena, sikucheka sana. Nilisema, kumbe hata wenye fedha na mashine, mtu wao alipoondoka, walifanya kama sisi. Walichukua kipande hapa, kipande pale, wakajaribu kumrudisha mtu mmoja.

Habari zikaenea. Walikuja wengine, hata Warundi waliofika 2015. Si kila mara ilifanikiwa, na ni lazima niseme hivyo. Baba mmoja aliondoka kwa hasira: "Umenichorea mutu wa sinema." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechoka, nikaacha taya la Commando mahali ambapo hakulitaka. Mwingine alitazama, akasema asante, akaiacha picha mezani. Bado ninayo. Sijui nifanye nini nayo, maana si uso wa mtu yeyote.

Sasa nirudi kwa baba.

Mtu atauliza, kwa nini miaka yote hiyo sikumchora baba yangu mwenyewe? Nilijaribu. Nilijaribu usiku baada ya yule mama wa Kibembe kuondoka, nikafumba macho kumtafuta. Akaja. Alikuwa na shati la kaki, na tepu ya kupimia shingoni kama mafundi wote wa cherehani. Nikaanza kuchora haraka kabla hajaondoka. Nilipofungua macho vizuri na kuangalia karatasi, nikaona taya. Taya lile nalijua, nimelichora zaidi ya mara hamsini. Lilikuwa la Schwarzenegger. Nyusi zilikuwa za Stallone. Baba yangu wa kichwani alikuwa ametengenezwa bandani.

Nilikaa na ile karatasi mpaka mshumaa ukaisha. Maana yake ni kwamba ile shule niliyojivunia ilikuwa na ada, na ada ililipwa na baba. Kila nilipojifunza uso mmoja wa mtu mashuhuri, ulikwenda kukaa mahali. Na mahali penyewe palikuwa na mtu. Miaka yote nilipokuwa nafurahia steringi asiyekufa, huenda nilikuwa namvalisha baba nguo zake ili naye asife.

Sikumwambia mama. Niliogopa kumwambia kwamba nimemsahau mume wake.

Mwezi Agosti 2018 alifariki King Majuto, Amri Athuman, mchekeshaji wa Tanga. Kinyozi mmoja akaagiza nimchore kwa heshima yake, na nikamchora anacheka, kofia kichwani, macho yamebaki mistari. Nikaitegemeza ndani ili rangi ikauke. Mama akaingia kuchukua ndoo, akasimama. Akaiweka ndoo chini.

"Huyu unamuchora kwa nani?"

"Kinyozi, mama. Ni Majuto. Yule wa vichekesho."

"Najua ni Majuto." Akakaa kitandani. "Baba yako alikuwa anachekaka hivi."

Nikamwambia hapana, baba alikuwa mtu mkubwa, mwenye kifua. Mama akanicheka. "Kifua gani? Baba yako alikuwa mwembamba. Shati alilishona mwenyewe alipunguze, la dukani lilikuwa linamuelea. Ni weye ulikuwa mudogo, ndiyo maana unamuona mukubwa." Kisha akaniambia ambayo hakuwahi kuniambia: kwamba wateja walikuja kwa baba hata bila nguo ya kushona, kukaa tu na kumsikiliza, kwamba alikuwa anaiga sauti ya padri na ya askari wa kituoni, kwamba usiku ule ufukweni, watu wanalia, aliwaambia boti ya pili ndiyo ina viti vya mashefu, na watu wakacheka, na ndivyo alivyotupandisha.

Miaka yote hiyo nilikuwa nachora steringi, na baba yangu alikuwa mchekeshaji.

Tulianza kesho yake asubuhi. Mama akakaa kwenye jiwe lilelile la yule mama wa Kibembe. Macho ya Majuto, sawa. Mdomo hapana, mdomo ulikuwa mpana zaidi. Shingo ndefu. Mama akataja Bruce Lee, nikashangaa anamjua, akasema, "Si umemubandika hapo miaka kumi?" Mashavu ya Bruce Lee basi, yaliyobonyea. Tukafanya wiki mbili, siku nyingine nusu saa, siku nyingine mama anasema leo sitaki. Dada yangu alikuja akaongeza ndevu chache kidevuni, ambazo mama alikuwa amezisahau, na walibishana.

Nilipomaliza, mama aliinua ile picha, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya Rambo.

"Siye," akasema.

Nikanyamaza.

"Siye. Lakini ni ndugu yake. Wa tumbo moja." Akatafuta mahali pa kuitundika. "Mwache akae humu. Huyu tutamukaribisha."

Bado yupo ukutani, juu ya meza ya vyombo. Wageni wanauliza ni nani, mama anasema, "Ni shemeji yangu," na haelezi zaidi. Akiwa peke yake namsikia mara moja moja anamsimulia bei ya mihogo.

Sasa mnielewe ninapoendelea kuchora watu wa filamu. Wiki hii vijana wameniletea Chadwick Boseman wa Black Panther, wanataka awe mkubwa ukutani kwa kinyozi mpya. Wao wana simu, wanaweza kumwona muda wowote, lakini wanataka mkono wa mtu wa hapa umpitie. Nitamchora vizuri, kwa sababu alitufurahisha, na kwa sababu deni la furaha nalo hulipwa. Nitasikiliza watoto wakinisahihisha. Kisha nitamchora tena kwenye karatasi ndogo, paji la uso, jicho, kidevu, niibandike ndani pamoja na wengine. Huenda yupo mtu anayelitafuta paji lile.

Ila vijana wanaojifunza kwangu nawapa kazi moja kabla hawajagusa steringi yeyote. Waende nyumbani wamchore mama, au bibi, au mdogo wao, wakiwa hai, wamekaa pale mbele yao. Mara mbili, tatu. Waijue kwanza ile nyuso ya nyumbani, ikae mahali pake, ndipo wageni waingie. Wanalalamika, wanasema bibi hatulii. Nawaambia hata mimi ningefurahi kuwa na mtu asiyetulia.

Na wewe msomaji, kama una mtu wako na huna picha yake, njoo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Njoo na muda, siyo hela. Usiogope kwamba hujui kumweleza. Kuta zangu zimejaa watu. Utapita polepole, utaonyesha kwa kidole.